Gereji ya Harlem Iliyotoa Wacheza Baleti

Kwa kanuni za wenye baleti, Arthur Mitchell alikuwa amechelewa. Mtoto anayetarajiwa kula kwa kazi hiyo huanza mafunzo akiwa na miaka minane au tisa, nyonga zikiwa bado laini. Mitchell, kijana wa Harlem, New York, aliingia School of American Ballet mwaka 1952 kwa ufadhili wa masomo, akiwa na miaka 18. Ilipofika 1955 alikuwa tayari jukwaani na New York City Ballet, na huko akapanda hadi kuwa mcheza mkuu, cheo ambacho hakuna mweusi aliyekuwa amekishika katika kundi kubwa la baleti la Marekani. Mwaka 1957 mtunzi wa dansi wa kundi hilo, George Balanchine, alimtungia dansi ya wawili katika baleti yake Agon, acheze na Diana Adams, mwanamke mweupe. Vituo vya televisheni vya majimbo ya kusini havikutaka kuionyesha.

Martin Luther King, mtetezi wa haki za weusi, aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili 1968. Siku hizo Mitchell alikuwa akienda na kurudi Brazili kusaidia kuunda kundi la baleti huko. Baada ya kifo hicho akaona hana haja ya kuwajengea wa mbali na watoto wa mtaa wake wapo. Kiangazi hicho akaanza kufundisha Harlem, ndani ya gereji, na wanafunzi wapatao 30. Joto likamlazimu kuacha milango wazi, na milango wazi ikawa tangazo lake: wapita njia walisimama kutazama, wengine wakaingia. Katika muda wa miezi michache wanafunzi walikuwa mamia.

Wavulana ndio waliokuwa kazi. Nani Harlem angekubali kuvaa taiti mbele ya rafiki zake? Mitchell hakubishana nao. Aliwaruhusu waje na jinzi zilizokatwa zikawa kaptura, akaleta na ngoma darasani. Ujanja huo ulikuwa mlangoni tu. Ndani hakukuwa na mchezo, na mwalimu mwenyewe alijulikana kwa ukali.

Somo la baleti huanza palepale kila siku, kwa anayeanza na kwa mcheza mkuu: umeshika mti uliofungwa ukutani, unakunja magoti taratibu, unasugua unyayo sakafuni mpaka kidole cha mwisho kinyooke. Miguu hugeuzwa nje, na kugeuka huko sharti kutoke kwenye nyonga. Kijana aliyechelewa, nyonga zimekwisha kaza, hushawishika kuiba: hugeuza nyayo tu ili aonekane sawa na wenzake, na goti ndilo linalolipa. Kwa hiyo mwalimu wa vijana wa miaka 14 au 15 anahitaji jicho kali kuliko wa watoto wadogo. Mitchell alimwita aliyewahi kumfundisha yeye, Karel Shook, mzungu aliyekuwa akifundisha Uholanzi, na mwaka 1969 wawili hao wakaanzisha Dance Theatre of Harlem, shule na kundi kwa pamoja.

Kwa maoni yangu, hilo la “kwa pamoja” ndilo lililoleta mabadiliko. Wasichana weusi waliofunzwa vizuri walikuwepo. Ajira ndiyo haikuwepo. Virginia Johnson alimaliza Washington School of Ballet mwaka huohuo wa 1968, akaambiwa kwamba kwa rangi yake asitegemee kupata kundi. Lydia Abarca, binti wa Harlem, alikuwa amesoma baleti kwa ufadhili kisha akaiacha, maana hakuona inampeleka wapi. Wote wawili wakaja kwa Mitchell. Januari 1971 kundi lilijitambulisha rasmi kwa maonyesho katika Jumba la Makumbusho la Guggenheim, na mwaka 1975 Abarca alikuwa kwenye jalada la Dance Magazine.

Kisha kuna habari ya viatu. Taiti na viatu vya waridi viliwekwa ili vifanane na ngozi ya mwanamke wa Ulaya, jicho la mtazamaji lishuke kutoka nyonga hadi ncha ya kidole bila kukwama. Mchezaji mweusi akivivaa, mwili wake unakatika vipande viwili: mikono ya kahawia, miguu ya mtu mwingine. Katika miaka ya 1970 Mitchell aliagiza taiti zitiwe rangi kulingana na ngozi ya kila mmoja, na viatu pia. Ikawa kazi ya kudumu: kiatu kipya cha satini, sponji, vipodozi vya uso, kupaka hadi kwenye utepe, kungoja kikauke. Na viatu hivyo haviishi. Mcheza mkuu anaweza kumaliza jozi katika onyesho moja. Wateja walikuwepo muda wote huo, lakini kampuni ya Freed ya London ilianza kuuza viatu vya kahawia vya kuchezea kwa ncha za vidole mwaka 2018 tu, mwaka ambao Mitchell alifariki.

Mwaka 2004 madeni yalilisimamisha kundi. Lilirudi jukwaani mwaka 2012 likiongozwa na Virginia Johnson, yule aliyeambiwa asitegemee ajira. Katika miaka hiyo minane kundi likiwa halipo, shule ilikuwa ikipokea watoto Harlem, Mtaa wa 152.