Nusu Siku Kutoka Ruziba: Jiwe la Mugere, Kilima cha Vugizo na Mitaa ya Buyenzi



Ndugu wasomaji, likizo iliyopita binti yetu alirudi kutoka shule na kazi ya kuandika: historia ya mji wako. Alirudi pia na jambo lililomkera. Mwenzake wa darasani alimwambia kwamba yeye hawezi kuiandika, kwa sababu Waislamu wa Bujumbura ni Waswahili, na Waswahili ni wageni. Tukamwona amekaa na daftari lake halina hata mstari mmoja. Akatuuliza, "Baba, kwani sisi tumetoka wapi?"

Wasomaji wetu wa Burundi wanaijua vyema habari hii. Katika Kirundi cha mitaani neno umuswahili halina maana ya mtu anayesema Kiswahili tu. Hutumika pia kwa mtu mjanja, mtu wa maneno mengi, asiyeaminika. Mtoto akilisikia shuleni anajua limetumika kwa maana ipi.

Basi badala ya kumpa kitabu tuliamua kumtembeza. Sisi tunakaa Ruziba, upande wa kusini wa mji, kwenye njia iendayo Rumonge, na kwa miaka yote hiyo hatujawahi kuuzunguka mji wetu kama wafanyavyo wageni. Tukatafuta dereva mwenye gari yake, mzee mzaliwa wa Buyenzi, tukakubaliana nusu siku: kuanzia saa mbili asubuhi hadi baada ya sala ya Adhuhuri. Kwa familia itakayopenda kufanya hivyo tunashauri mambo matatu yasemwe kabla ya kupanda gari: bei nzima, mafuta ni ya nani, na muda wa kusubiri unahesabiwaje. Miaka ya karibuni mafuta yamekuwa ya kupanga foleni hapa kwetu, na wengi wamegombana barabarani kwa jambo lililowezekana kusemwa mapema. Mzee wetu alisema lake wazi, nasi tukasema letu, ikawa heri.

Kwanza tulielekea kusini, si mjini. Kutoka Ruziba hadi Mugere ni mwendo mfupi, na hapo, juu kidogo ya barabara, pana jiwe kubwa linalotazama Ziwa Tanganyika. Limechongwa majina mawili na tarehe: Livingstone, Stanley, 25-XI-1871. Mzee akasimama mbele ya jiwe, akakohoa, akaanza: "Hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone, akamsalimu kwa maneno yale maarufu."

Tukamwambia kwa adabu, "Mzee wetu, hiyo umeipokea kwa nani?"

Akacheka. "Kwa madereva wenzangu, Ustaadh. Nao wamepokea kwa wageni."

Sisi tuliosomeshwa kuuliza nani kapokea kutoka kwa nani hatuwezi kuiacha riwaya ya namna hiyo ipite. Ukweli ni kwamba watu hao wawili walikutana Ujiji, ambayo leo imo Tanzania, upande wa mashariki wa ziwa hilihili. Tarehe aliyoiandika Stanley ni 10 Novemba 1871. Daftari la Livingstone linauweka mkutano huo mwishoni mwa Oktoba, kwa maana mzee wa watu alikuwa amekwisha kupoteza hesabu ya siku. Watu wawili waliokula pamoja hawakuafikiana tarehe. Sembuse madereva wa leo!

Sasa walifika kutafuta nini Mugere? Hapo ndipo penye somo. Wazungu wa zama zile walikuwa wakibishana juu ya chanzo cha Mto Nile. Kaskazini mwa ziwa letu kuna Mto Rusizi, na swali lilikuwa moja tu: maji ya Rusizi yanaingia ziwani au yanatoka? Yakiwa yanatoka kwenda kaskazini, basi huenda Tanganyika ndilo linaloulisha Nile. Mwaka 1858 Burton na Speke walikuja kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakaishia Uvira ng'ambo ile. Hawakufika kwenye mto wenyewe, lakini wenyeji waliwaambia wazi kwamba Rusizi unaingia. Miaka kumi na mitatu baadaye wakaja Livingstone na Stanley kuuliza swali lilelile. Walipokewa na mtawala wa eneo hili la Uzige aliyeitwa Mukamba, wakakaa kwake, na Stanley aliugua homa hapo, mwenzake akamuuguza. Wenyeji wakawajibu kama walivyojibiwa wale wa kwanza. Kisha wakaenda kwa mtumbwi hadi penye mlango wa mto, wakayaona maji kwa macho yao: yanaingia. Safari nzima ilithibitisha jambo ambalo mvuvi yeyote wa ndagala angelisema bila kulipwa.

Hatusemi haya kuwadharau. Kuthibitisha kwa macho ni tabia njema ya elimu, na laiti wanafunzi wetu wangelikuwa nayo. Lakini tulimwomba binti yetu alitazame jiwe tena, ahesabu majina. Mawili. Je, hao wawili walipiga kasia wenyewe kutoka Ujiji hadi hapa? Mtumbwi ulikuwa wa kuazima kwa Mwarabu mfanyabiashara wa Ujiji. Wapiga kasia walikuwa watu wa ziwa. Katika safari walikuwamo Susi, mtumishi wa Livingstone, na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akafikishwa India, akarudi Afrika, na ambaye tayari alikuwa amekuja ziwa hili pamoja na Burton na Speke. Lugha waliyosemeshana njiani ilikuwa Kiswahili. Mukamba, mwenye nyumba aliyewalisha, naye hayumo jiweni.

Binti yetu aliandika mistari yake ya kwanza hapohapo, daftari likiwa juu ya goti. Mdogo wake alitaka kulipanda jiwe, mama yake akamzuia.

Tukageuza gari kuelekea kaskazini. Njiani, tukipita tena Ruziba na kisha Kanyosha, mtoto akauliza swali tulilolitarajia: kama Waswahili walikuwa watu wa kupiga kasia na kuongoza njia, mbona watu hawawapendi? Ndugu wasomaji, hapa mzazi hupata kishawishi cha kuficha. Sisi hatukuficha. Tulimweleza kwamba katika miaka ya 1880 Mohamed bin Khalfan Al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, akiwa na makao yake Ujiji, alijaribu kuisogeza nguvu yake hadi huku. Biashara yake ilikuwa pembe za ndovu na watumwa. Uwanda wa Uzige ulionja mkono wake, lakini kule milimani majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yalimrudisha nyuma. Basi Mrundi aliyemkumbuka Mswahili kama mtu wa bunduki hakuzua. Alichokosea ni kumfanya mpiga kasia na mchuuzi wa chumvi awe Rumaliza, na mjukuu wa mchuuzi vilevile.

Mzee akaongeza kwa sauti ya chini, "Na babu yangu mimi alikuwa Mmanyema. Hakuja na bunduki. Alikuja na mzigo wa mtu kichwani."

Hatukuwa na la kuongeza.

Tulipanda Vugizo, kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Kutoka juu unauona mji wote umelala chini, ziwa, na milima ya Kongo nyuma yake kama hewa ni safi. Siku ile palikuwa na ukungu kidogo. Rwagasore alizaliwa 1932, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Watu wengi wanajua kwamba chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi wa 18 Septemba 1961 kwa viti 58 kati ya 64, na kwamba alipigwa risasi tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo katika hoteli ya Tanganyika kando ya ziwa, wiki mbili hivi baada ya kuwa waziri mkuu. Muuaji, Mgiriki Jean Kageorgis, alitekelezewa hukumu ya kifo 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru.

Wasilolijua wengi ni wapi alianzia. Mwaka 1957 mtoto huyu wa mfalme alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, na miongoni mwa waliomwunga mkono mapema walikuwa wachuuzi Waswahili wa Usumbura, watu wa Buyenzi na Bwiza. Ushirika ulikumbwa upesi na matatizo ya fedha, lakini ule ujirani haukufa. Mtu aliyeonekana na Wabelgiji kama hatari kwao alikuwa akikaa barazani na watu wa kofia na kanzu. Mzee wetu, ambaye siku zile alikuwa bado kuzaliwa, alisimulia hayo kama aliyekuwapo, na safari hii hatukumuuliza kapokea kwa nani. Alikuwa amepokea kwa mama yake.

Mjini kwenyewe tulipita haraka. Tuliona mahali lilipokuwa soko kuu, lililoungua 27 Januari 2013 na mali za watu wengi sana zikateketea humo. Tulipita mtaa wa Waasia, maduka ya zamani ya Wahindi na Waarabu, tukashuka hadi karibu na bandari. Hapo tulimweleza binti yetu jambo tunaloliona ndilo jibu la swali lake. Mji huu hauna umri mkubwa. Ulianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani katika miaka ya 1890, ukiitwa Usumbura, na utawala ule ulitumia Kiswahili. Mwaka 1916 Wabelgiji wakauteka. Jina la Bujumbura lilishika baada ya uhuru, 1962. Ardhi ilikuwa na wenyewe, watu wa Uzige, kina Mukamba na vizazi vyao, na haki yao hatuigusi. Lakini mji, yaani maduka, bandari, mafundi, masoko, ulipoanza kujengwa Waswahili walikuwapo wakibeba matofali. Huwezi kuwa mgeni katika nyumba uliyoikuta ikiwa msingi. Wengi waliokuja kutoka milimani walifika baadaye, nao wakajifunza Kiswahili ili wanunue na kuuza.

Saa sita ilikuwa imepita tulipoingia Buyenzi. Wale wasiopajua: ni mtaa ambao Wabelgiji waliwaweka Waswahili walipoupanga mji, barabara zake nyembamba zina nambari badala ya majina, na upande mmoja unapakana na korongo la Mto Ntahangwa unaoila ardhi kila masika. Mafundi wa magari wanafanya kazi barabarani, wamelala chini ya gari, miguu nje. Dereva wetu hapa hakuendesha tena, alisalimia tu. Kila hatua kumi mtu alimwita.

Tulisali Adhuhuri kwa jamaa. Kisha tukakaa kula, mukeke wa kuchoma na ugali, na hapo mzee akaanza habari ambayo hatukumuomba. Alisema juu ya miaka ya baada ya Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye na nchi ikawaka. Mitaa ya Bujumbura ilijigawa kwa kabila: huku Wahutu peke yao, kule Watutsi peke yao. Buyenzi ilibaki ya mchanganyiko kwa muda mrefu kuliko mitaa mingi, na watu wa makabila yote mawili walikimbilia huko wakafichwa majumbani. Haikuepuka kabisa. Machi 1995 Buyenzi na Bwiza nazo ziliingiwa na vijana wenye silaha, watu wakafa, wengine wakakimbilia ng'ambo ya mpaka. Mzee alitaja nyumba alimokaa na wageni wake, akahesabu kwa vidole waliolala chumba kimoja. Alifika tisa akanyamaza, akaomba chai.

"Uliwauliza kabila lao?" binti yetu akamuuliza.

"Mwanangu, niliwauliza kama wamekula."

Hilo nalo limo daftarini. Tulimwambia aliandike kama lilivyosemwa, bila kulipamba, na aandike kwamba ni kauli ya shahidi mmoja.

Ruziba tulirudi kabla ya Alasiri, tumepitiliza muda wa makubaliano kwa zaidi ya saa moja. Mzee alikataa nyongeza, tukamshikilia aipokee, akapokea. Alipokuwa akiwasha gari tulimuuliza kama sasa atawaambia wageni wake kwamba Stanley na Livingstone walikutana Ujiji.

"Nitawaambia, Ustaadh," akasema. "Lakini kwanza nitawangoja walipe. Mgeni akisikia hawakukutania hapa, huwa hataki hata kushuka garini."