Rangi za Maandishi kwenye IBM PC

IBM PC ilipoingia sokoni Agosti 1981, mnunuzi alichagua kati ya kadi mbili za skrini. Kadi ya MDA ilichora kila herufi ndani ya nukta 9 kwa 14, na kwenye skrini ya IBM maandishi yakatokea ya kijani juu ya weusi, makali na yasiyochosha macho. Maofisi yaliipenda. Kadi ya CGA ilikuwa na nukta 8 kwa 8 tu, lakini ilitoa rangi 16.

Rangi hizo zilipangwa kwa ubahili wa kupendeza. Kila herufi ilishika baiti mbili za kumbukumbu: moja ya herufi yenyewe, moja ya sura yake. Katika baiti ya sura, biti tatu zilikuwa za nyekundu, kijani na buluu, na ya nne iliongeza mng'ao. Tatu zilizofuata zilikuwa za rangi ya nyuma. Ya mwisho iliifanya herufi iwake na kuzimika. Ndiyo sababu herufi ilikuwa na rangi 16 za kuchagua, ilhali nyuma yake zilikuwa 8 tu. Skrini nzima, mistari 25 ya herufi 80, ilitosha ndani ya baiti 4,000.

Katika lugha ya programu ya BASIC, amri ya COLOR 14,1 ilileta maandishi ya njano juu ya buluu. DOS yenyewe, mfumo endeshi wa IBM PC, haikuwa na amri ya namna hiyo. Njia ilifunguka mwaka 1983, DOS 2.0 ilipokuja na kiendeshi cha skrini kilichoitwa ANSI.SYS. Mtumiaji aliandika DEVICE=ANSI.SYS katika faili la CONFIG.SYS, kisha akaificha rangi ndani ya amri ya PROMPT: $e[37;44m ilimpa maandishi meupe juu ya buluu. Hila hii ilikuwa ya werevu kweli, kwa kuwa kila DOS ilipomaliza kazi na kusubiri amri nyingine, rangi zilitumwa upya, hata kama programu iliyotangulia ilikuwa imezivuruga.

Kilichosumbua ni namba. Kwa BASIC, 1 ni buluu na 4 ni nyekundu. Kwa ANSI, 31 ni nyekundu na 34 ni buluu. Aliyezoea mpango mmoja alilazimika kujifunza upya.

Programu nyingi kubwa ziliandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini, zikaipita ANSI.SYS bila kuijali. Kwa hiyo programu ya kuandikia ya WordPerfect ilikuwa na menyu yake ya rangi, na mwandishi aliweza kuamua maneno ya wino mzito au yaliyopigiwa mstari yaonekane kwa rangi gani.

Kadi ya EGA ya mwaka 1984 iliruhusu rangi 16 zichaguliwe kati ya 64, na VGA ya mwaka 1987 kati ya 262,144. Hata hivyo, kila herufi iliendelea kupewa baiti ileile moja ya sura. Namba za ANSI, 30 hadi 37 kwa maandishi na 40 hadi 47 kwa nyuma, zingali zinatumika kwenye Linux.