Bei ya Mkono wa Fundi

Wiki iliyopita shangazi yangu aliniomba nimsindikize kwa sonara hapa Dar es Salaam. Alikuwa na vikuku viwili vya fedha alivyoachiwa na mama yake, vyenye nakshi ya maua, na ada ya mjukuu wake ilikuwa haisubiri. Sonara aliviweka kwenye mizani, akasoma gramu 108, akazidisha kwa bei ya siku ile. Shangazi akauliza, "Na nakshi je, baba?" Akajibiwa kwa adabu kabisa: "Mama, mimi nanunua fedha. Nakshi itakwenda na moto."

Ndugu msikilizaji, jibu lile halikuwa la ujanja. Lina historia ndefu katika pwani yetu.

Katika karne ya 19, pesa iliyoaminika Unguja, Mombasa na Lamu ilikuwa riale yenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria. Mama huyo alifariki mwaka 1780, lakini sarafu yake iliendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye, ikiandikwa mwaka ule ule wa 1780. Riale moja ina uzito wa gramu 28, na kati ya hizo gramu 23 na ushei ni fedha tupu. Pamoja nayo ilikuwapo rupia ya Kihindi, gramu 11.66, ambayo ndiyo tola moja ya masonara. Kwa hiyo mwenye rupia alikuwa na pesa na jiwe la mizani kwa wakati mmoja. Hata lugha yetu haikuona haja ya maneno mawili: fedha ni madini, na fedha ni pesa.

Vikuku vya bibi yangu vilitoka katika riale nne. Ukipiga hesabu ni gramu 112. Zile nne zilizopungua zilikwenda na tupa, moto na miaka ya kuvaliwa. Shangazi husimulia kwamba bibi alishinda barazani kwa fundi, macho yakiwa tanuruni, riale zake zisije zikageuka shaba! Fundi alilipwa ujira wake kando.

Hapo ndipo penye mgogoro. Madini yalikuwa na shahidi, nayo ni mizani. Ujira haukuwa na shahidi. Uliamuliwa kwa maneno, na mwenye shida zaidi siku hiyo ndiye aliyeshuka.

Mwaka 1920 serikali ya Kiingereza ilianza kuondoa rupia, ikaleta florini ambayo nusu yake tu ilikuwa fedha. Mwaka uliofuata ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, fedha robo tu. Sarafu za namna hiyo hazikuwa na faida kwa tanuru la sonara. Lakini desturi ya kubishania mkono wa fundi haikuondoka na rupia. Nenda leo soko la dhahabu la Dubai: bei ya gramu imetangazwa, hakuna anayeigusa, mnunuzi hubishania gharama za kazi.

Sasa fikiria pambo lisilo na fedha wala dhahabu. Nje ya lile duka alikaa mama wa Kimasai akiuza vidani vya ushanga. Ushanga huo wa kioo zamani ulitoka Venice, siku hizi mwingi hutoka Ucheki, na thamani yake ni ndogo. Karibu bei yote ni mkono. Nilipenda kidani kimoja kwa ajili ya binti yangu. Alitaka shilingi 30,000. Mimi, kwa mazoea, nikasema 15,000.

Shangazi akaniuliza mbele ya yule mama, "Umemwuliza amekishona siku ngapi?" Siku tatu. Na ushanga na waya? Shilingi 9,000. Nikahesabu kimoyomoyo. Kwa bei yangu angebaki na shilingi 6,000, yaani 2,000 kwa siku ya kuinamia sindano. Kwa bei yake, 7,000. Na mimi ndiye niliyekuwa nimetoka kumlaumu sonara!

Nililipa 30,000. Shangazi alikuwa ameacha kikuku kimoja dukani. Alikumbatia mkoba wenye kile cha pili, akaniambia tufanye haraka, daladala zisije zikajaa.