Mbio Hazitoshi: Hoja ya Kuipa Nguvu ya Misuli Nafasi Yake

Mwaka 1985 watafiti watatu wa Marekani, Carl Caspersen, Kenneth Powell na Gregory Christenson, walitenganisha mambo matatu ambayo hadi leo tunayachanganya. Shughuli ya mwili ni mwendo wowote wa misuli unaotumia nishati: kupalilia, kupanda ngazi, kufua. Mazoezi ni ile sehemu ya shughuli hizo iliyopangwa, inayorudiwarudiwa, na yenye nia ya kuujenga mwili au kuuzuia usidhoofike. Utimamu wa mwili ni jumla ya sifa alizonazo mtu: pumzi, nguvu na ustahimilivu wa misuli, unyumbufu wa viungo, kiasi cha mafuta mwilini. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki jumla hiyo imepunguzwa ikabaki pumzi peke yake. Klabu za jogingi zinajaza barabara za Dar es Salaam alfajiri za mwisho wa wiki, na siku za afya huadhimishwa kwa matembezi. Ni jambo jema kabisa. Lakini mtu mwenye pumzi anaweza kuwa dhaifu, na kwa anayezeeka udhaifu huo ni hatari inayostahili kupewa uzito ule ule tunaoupa moyo.

Pumzi ilipata heshima yake kwa haki. Mwaka 1953 Jeremy Morris alionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa tu, na mwaka 1968 kitabu cha daktari Kenneth Cooper kilieneza mbio miongoni mwa watu wa kawaida. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani. Mwongozo huo huo unataka misuli yote mikubwa ifanyishwe kazi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, na wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya mizani na nguvu angalau siku tatu. Agizo la kwanza linanukuliwa kila mahali. La pili halisikiki.

Kwa nini la kwanza lisitoshe? Jibu limo katika namna misuli inavyoamrishwa. Mwanafiziolojia Elwood Henneman alieleza kwamba seli za neva zinazoendesha misuli huitwa kazini kwa kufuata ukubwa wake: ndogo kwanza, kubwa baadaye, pale tu nguvu nyingi inapohitajika. Anayekimbia polepole kwa saa nzima anazitumia zaidi zile ndogo, zenye nyuzi zisizochoka upesi. Zile kubwa, zinazoendesha nyuzi za kasi na nguvu, hazipati kazi ya kutosha. (Mbio za kasi, au za kupanda mlima mkali, ni habari nyingine.) Nyuzi hizo za kasi ndizo uzee huzila zaidi, na ndizo mtu huzihitaji anapojikwaa na kuhitaji kuurudisha mguu chini kabla hajaanguka. Kinachoziamsha ni mzigo mzito, unaoongezwa kadiri mwili unavyouzoea. Kanuni hiyo daktari wa jeshi la Marekani Thomas DeLorme aliitumia katika miaka ya 1940 kuwarudishia nguvu askari majeruhi.

Ushahidi kutoka kwa watu wenyewe ni mzito. Mwaka 1994 Maria Fiatarone na wenzake wa Boston walichapisha matokeo ya wazee dhaifu 100, wenye wastani wa miaka 87. Waliofanya mazoezi ya mzigo mzito kwa wiki kumi waliongeza nguvu ya misuli zaidi ya maradufu, wakatembea kwa kasi zaidi. Waliopewa lishe ya ziada bila mazoezi hawakupata faida hiyo. Utafiti mwingine wa mwaka 2015, uliohusisha watu karibu 140,000 katika nchi 17, ulikuta kwamba nguvu ya kiganja ilitabiri vifo vizuri zaidi kuliko namba ya juu ya kipimo cha shinikizo la damu. Nakiri kwamba utabiri si sababu: maradhi yaliyojificha hupunguza nguvu kabla hayajajulikana. Ndiyo maana matokeo ya Boston yana uzito wa pekee, kwa kuwa huko washiriki waligawanywa kwa bahati nasibu, na nguvu ikapanda kwa sababu ya mazoezi.

Pingamizi kubwa zaidi ni kwamba watu wetu hufanya kazi za sulubu, basi wana mazoezi tosha. Lina ukweli ndani yake. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi hutembea na kuchimba mizizi zaidi ya saa mbili kwa siku, na mioyo yao ni mizima hata uzeeni. Lakini Mhadzabe hujipangia mwendo na hupumzika akichoka. Mchukuzi wa magunia hana hiari hiyo: mzigo hupangwa na mwenye mali, mgongo huinama upande ule ule, na usiku hautoshi kuukarabati mwili. Utafiti wa Copenhagen wa mwaka 2021 uliofuatilia watu zaidi ya 100,000 ulikuta shughuli za wakati wa mapumziko zikiambatana na vifo vichache, na kazi nzito ya ajira ikiambatana na vifo vingi. Wapo wanaosema umaskini ndio unaoeleza tofauti hiyo. Watafiti walijaribu kuuondoa katika hesabu na tofauti ikabaki, ingawa hesabu ya namna hiyo haimalizi shaka yote. Kwa vyovyote, karani, mshonaji na dereva wa bodaboda hawana hata sulubu hiyo ya kutegemea.

Wengine huhofia shinikizo la damu. Ni kweli hupanda wakati wa kunyanyua, hasa mtu akibana pumzi. Ambaye shinikizo lake halijadhibitiwa aanzie kwa daktari. Ila kwa wengi mazoezi ya nguvu hulishusha kidogo shinikizo la wakati wa kupumzika. Na gharama ya jimu si kizuizi, kwani kanuni ya DeLorme haidai vyuma: mzee anaweza kuinuka kitini bila kushika, kisha kwenye kigoda kifupi zaidi, kisha akiwa amekumbatia dumu la maji linaloongezwa kila wiki. Zahanati zinazopima shinikizo la damu zinaweza pia kuhesabu ni mara ngapi mgonjwa anainuka kitini kwa sekunde 30, kipimo kinachotumika tayari kwa wazee katika nchi nyingi, na kuandika idadi hiyo kwenye kadi yake ili ilinganishwe na ya mahudhurio yajayo.