Nenosiri ni sahihi, seva yakataa: kibodi, saa na vizuizi vingine vya mtandao wa ofisi

Mfanyakazi anayesafiri na kompyuta ya ofisi kutoka Kampala kwenda Kigali, au kutoka Kigoma kwenda Bujumbura, huvuka mpaka wa nchi na mpaka wa saa kwa pamoja, na pengine hukuta huko mezani kibodi asiyoizoea. Asubuhi yake ya kwanza kazini, seva humjibu kwamba jina la mtumiaji au nenosiri si sahihi, ilhali jana aliingia kwa nenosiri lilelile.

Jibu hilo lisichukuliwe neno kwa neno. Seva huchanganya jina na nenosiri katika kauli moja kwa makusudi, ili mvamizi asitambue ni lipi alilolikosea. Kabla ya kubadili nenosiri, waulize wenzako kama wao wanaingia. Ikiwa hakuna hata mmoja anayeingia, shughuli hiyo ni ya msimamizi wa mtandao.

Wakiingia wote isipokuwa wewe, tazama kwanza kibodi. Katika ofisi za Burundi na za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kifaransa kimetawala makaratasi kwa miaka mingi, hutumika sana kibodi ya Kifaransa. Humo A na Q zimebadilishana nafasi, W na Z vilevile, na tarakimu za safu ya juu hazitoki bila kubonyeza kitufe cha herufi kubwa. Kwa kuwa nenosiri huonekana kama nukta tupu, mwandishi haoni kosa. Bonyeza alama ya jicho kando ya kisanduku, kama hakuna anayekuchungulia, usome ulichoandika.

Kizuizi cha saa ndicho kinachosumbua zaidi, kwa sababu hakuna anayekishuku. Mitandao mingi ya ofisi inayotumia Windows huthibitisha watumiaji kwa utaratibu uitwao Kerberos, uliobuniwa katika chuo cha MIT nchini Marekani miaka ya 1980 na kupewa jina la mbwa wa vichwa vitatu wa hekaya za Kigiriki. Microsoft iliuingiza katika Windows 2000. Utaratibu huu haupitishi nenosiri mtandaoni. Hutoa tiketi zenye muhuri wa wakati, ili mtu aliyenasa mawasiliano ya leo asiweze kuyatumia kesho. Kwa kawaida tofauti inayovumiliwa kati ya saa ya kompyuta na ya seva ni dakika 5.

Tanzania, Kenya na Uganda zimetangulia saa ya kimataifa kwa saa 3, ilhali Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo zimetangulia kwa saa 2. Ndani kwa ndani kompyuta huhesabu kwa saa ya kimataifa, kisha huongeza za mahali ilipo. Msafiri akibadili ukanda wa saa, hesabu ya ndani haiguswi. Akirudisha saa nyuma kwa mkono na kuuacha ukanda wa zamani, ameipotosha kompyuta kwa dakika 60, na tiketi zake huenda zikakataliwa. (Wapo pia wanaoandika 2:00 kwa kuwa ni saa mbili asubuhi, mashine haijui saa za Kiswahili.) Amri ya w32tm /resync, ikiandikwa na mwenye haki za msimamizi, huilinganisha saa upya.

Ikiwa saa inarudi miaka ya nyuma kila umeme unapokatika, betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao mkuu imekwisha. Dalili nyingine ni tovuti nyingi kudai kwamba vyeti vyake vya usalama si halali. Betri hiyo ni ya bei ndogo. Siku ya kazi inayopotea ni ghali zaidi.

Kwa aliyebadili nenosiri hivi karibuni, Windows huenda bado inapeleka lile la zamani ililolihifadhi. Amri ya cmdkey /list huonyesha yaliyohifadhiwa. Usiisahau simu yako inayopokea barua pepe za ofisi: ikiendelea kujaribu nenosiri la zamani, yaweza kufunga akaunti kila inapofunguliwa, na lawama zikamwangukia fundi. Hitilafu namba 1219 ni jambo jingine: umeunganishwa na seva ileile kwa jina tofauti. Funga mafaili yako, kisha ukate miunganisho yote kwa net use * /delete.

Zipo pia seva kuukuu zinazofahamu SMB1 tu, lugha ya zamani ya kugawana mafaili, ambayo Windows mpya haziji nayo tena. Wapo mafundi wanaoirudisha ili kazi iendelee. Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilipita katika udhaifu wa lugha hiyohiyo na kukwamisha hospitali nchini Uingereza. Afadhali mafaili yahamishiwe kwenye seva mpya, hata kwa kuchelewa.

Lisilofaa kabisa ni kuazima akaunti ya mwenzako. Kumbukumbu za seva huandika jina lililoingia, si mikono iliyoandika, na malipo yakipotea huyo mwenye jina ndiye atakayeitwa kwanza kujieleza.