Mhunzi wa Flanders, mhunzi wa Limburg
Jina la ukoo litokanalo na uhunzi linaweza kudokeza asili ya familia. Flanders, magharibi mwa Ubelgiji, hutamalaki De Smet, "mhunzi". Ukielekea mashariki, Brabant na Limburg, De hudondoka na jina huongezewa s ya umilikaji: Smets au Smeets, yaani "wa mhunzi". Uholanzi, hasa kaskazini, husikika Smit tupu.

Friesland, jimbo la Uholanzi, ina alama yake, kiishio -stra, kinachomtaja mkazi wa mahali: Dijkstra wa kwenye tuta la kuzuia maji, Hoekstra wa pembeni, Terpstra wa kwenye kichuguu kilichoinuliwa dhidi ya mafuriko. De Vries, "Mfrisia", hupotosha kidogo. Jina hilo lilimfaa zaidi aliyehama, maana kwao kila mtu ni Mfrisia.

Tahajia nayo husema. Mholanzi huandika Jan van Dijk, kwa v ndogo. Mbelgiji kwa kawaida huandika Van Dyck au Van Dijck. Amri ya Napoleon ya 1811 iliwataka Waholanzi wasio na jina la ukoo wajichagulie. Flanders, kinyume chake, majina mengi yalikuwa yameshaganda zamani, pamoja na tahajia zake kongwe kama Maes na Claes.