Uchumi au Biashara: Chaguo Lenye Historia

Kijana wa Ihumwa, Dodoma, anayepima kati ya shahada ya uchumi na ya biashara anarithi mgawanyo uliochongwa na siasa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, njia kuu za uchumi zilishikwa na umma, na mchumi akawa mpangaji wa mipango ya taifa. Chuo cha Elimu ya Biashara kilikuwapo tangu 1965, lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata Kitivo cha Biashara na Menejimenti mwaka 1979, wakati mashirika ya umma yalipohitaji mameneja na wahasibu.

Wapo wanaosema tofauti hiyo imekufa, kwa kuwa benki huajiri wote. Sikubali. Jirani na Ihumwa, wizara za mji wa serikali wa Mtumba zinapanga bajeti. Kando ya barabara ya Morogoro, wenye maduka wanapiga hesabu za mtaji. Anayehangaishwa na bei ya mtama Dodoma nzima asome uchumi. Anayetaka kuusaga na kuuza, biashara.